Kiazi Kikuu cha Chuma

Watu wa mtaa wa Majimbo, mjini Embu, walimjua Kailemia kwa malango. Ukiona lango lenye simba wawili wa bati, tena simba wenye nyuso za mbwa walioshiba, ujue hiyo ni kazi ya mikono yake. Malango hayo hayakulegea wala hayakulia yakifunguliwa, na wezi walipoingia nyumba moja yenye lango lake, walipitia dirishani. Fundi mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Kailemia alishikwa na ugonjwa wa kutaka makuu, na ugonjwa huo ulimwingia kupitia kwa konokono.

Alimwona konokono huyo asubuhi moja kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba. Mkewe Ruguru alikuwa amemtuma achume mboga. Alirudi baada ya nusu saa bila hata jani moja, konokono kiganjani, macho yamemtoka.

"Mama Kajuju," alisema, "umewahi kuangalia vile hii kitu imejizungusha?"

Ruguru alikuwa karani katika ofisi za kaunti na tayari alikuwa amechelewa kazini. Alisema amewahi, na kila akimwangalia humtupa upande wa jirani.

Tangu siku hiyo Kailemia akawa haoni ila mizunguko. Aliiona utosini pa binti yake Kajuju, pale nywele zinapoanzia. Aliiona kwenye kangaga changa zilizojikunja kando ya mto, na kwenye maji machafu ya karai yakiishia mferejini. Aliwaeleza wateja waliokuja kuulizia madirisha kwamba maumbile yote yanazunguka, wao wakamuuliza dirisha litakuwa tayari lini. Akaunda konokono wa chuma mkubwa kama toroli. Jirani mmoja akampenda sana konokono huyo, akamchukua, akamtumia kuzungushia mpira wa maji. Kailemia alipomweleza kwamba ile ni sanaa, jirani alikubali mara moja. Alisema hata yeye ameona, maana tangu amlete nyumbani mpira haujikunji tena.

Hapo ndipo alipokwenda kuchapishiwa fulana yenye maandishi makubwa kifuani: KAILEMIA MSANII. Aliyempa cheo hicho ni yeye mwenyewe, katika kikao cha mtu mmoja kisichokuwa na upinzani. Siku hizi akisimulia habari hii, hapa ndipo huanza kucheka, ili awahi kabla hajachekwa.

Lakini tusimcheke mno kabla ya wakati, kwa sababu nyuma ya fulana ile palikuwa na jambo lililomkera miaka ishirini, nalo ni baba yake.

Mzee Muthamia aliishi Githongo, kule Meru, kwenye kahawa na migomba, na alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mgeni akija, mzee alinyoosha mkono kwa mkubwa na kusema, "Huyu ni Mwenda, mwalimu." Kisha mkono ukahamia kwa wa pili. "Na huyu ni Kailemia. Huyu yuko Embu." Basi, maneno yakaishia hapo, kana kwamba kuwa Embu ni kazi na mtu anaweza kuistaafu. Mgeni aliitikia kwa kichwa, na Kailemia akabaki amesimama pale, mtu mzima mwenye mke na karakana, anatambulishwa kwa jina la mji.

Kwa mzee Muthamia kazi ya mwanamume ilikuwa moja, nayo ni ikwa, yaani viazi vikuu. Kwa Wameru wa rika lake, mwanamume asiye na ikwa shambani hakuwa na la kusema mbele ya wenzake. Yeye alikuwa na mashina kumi na mawili, kila shina limepandwa chini ya mti wake wa mukungugu ili mmea upate pa kupanda. La kumi na tatu lilipaswa kuwa la Kailemia. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa alipewa jembe na kuonyeshwa mahali. Alichimba mpaka magotini, akaliacha jembe ndani ya shimo, akaenda Embu kujifunza kuchomelea vyuma. Mzee hakulifukia shimo lile wala hakulimaliza. Lilikaa hivyo miaka yote, kuku wakilitumia kuogea vumbi, na kila Kailemia akija nyumbani ilibidi alipite.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, alikwenda Githongo kumsalimia. Alimkuta shambani na mkongojo wake, akielekeza vichipukizi vya ikwa kwenye nguzo. Mikungugu mitatu ilikuwa imeanguka kwa uzee, na mahali pake mzee alikuwa amesimika mbao.

"Muuga, Baba."

"Muuga mono. Hizi mbao ni upuzi," alisema mzee, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana. "Mchwa wanazila kabla ikwa haijafika kiunoni. Na ile haikuliwa inateleza, mmea unashuka wote chini kama suruali. Shika hapa nifunge."

Kailemia alishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na simu. Alikuwa ameinua macho akaona mmea wa shina lililo kando ukiupanda mti wake, mzunguko juu ya mzunguko, majani yenye umbo la moyo yakining'inia kila upande, na moyo wake ukamruka. Konokono gani tena? Hapa ndipo uhai wenyewe unapopanda ngazi.

"Kaza mkono," alisema mzee.

"Dakika moja tu, Baba."

Aliachilia kile kichipukizi, akaenda kusimama mbele ya ikwa, akaigeuza simu imwone yeye mwenyewe, akavuta tumbo ndani, akatabasamu, akajipiga picha. Ilikuwa picha nzuri. Yeye mbele, fulana yake, ikwa nyuma ya bega. Alipogeuka, mzee alikuwa amemaliza kufunga peke yake, kamba moja ameishika kwa meno, anamtazama.

Jioni hiyo Mwenda akasema kwamba mwezi wa nane baba anatimiza miaka themanini, na ukoo utafanya shukrani pale nyumbani, mchungaji aje, watu wale, wamshukuru Mungu. Kila mtoto alete alicho nacho. Kailemia akakata shauri papo hapo. Yeye angeleta ikwa ya chuma, mita tatu kwenda juu, isiyolimwa wala kuoza, na mzee akiiona atakosa la kufanya ila kumtaja mwanawe kwa kazi yake.

Alianza wiki iliyofuata. Alisimamisha paipu nene katikati ya karakana, akachomelea ncha ya chuma cha mviringo pale chini, kisha akashika ule upande mwingine na kuanza kuizunguka paipu huku akivuta, chuma kikijikunja kidogo kidogo kuifuata miguu yake. Alipofika kimo cha kichwa alipanga madramu tupu, akapanda juu yake, akaendelea kuzunguka huko huko hewani. Misheck, seremala wa karakana ya pili, alileta chai yake akakaa kutazama.

"Msee, kwani umefungwa kama ndama?"

"Natengeneza ikwa."

"Na una uhakika inazunguka hivyo?"

Kailemia alishuka, akapangusa mkono, akamwonyesha simu. Misheck aliitazama picha, akatazama chuma, akatazama tena picha.

"Iko sawa kabisa," alisema. "Hata wewe umetokea vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Miezi minne Kailemia aliifanya kazi ile kwa picha ile. Kila asubuhi aliifungua, akajitazama kwanza yeye, tabasamu, tumbo lililovutwa, kisha jicho likahamia kwa ikwa. Alikata majani sitini na manne kutoka kwenye mapipa ya zamani, akayagonga kwa nyundo mpaka yakawa na mishipa. Tuseme kweli, jamani, majani yale yalikuwa mazuri. Upepo ukipita yalitikisika na kutoa sauti ndogo, hata Ruguru, aliyekuwa amesema kitu kizima kinafanana na springi ya kitanda, alikuja jioni moja akayagusa moja moja. Mwisho Kailemia akachomelea kibao pale chini: MZUNGUKO WA UHAI.

Kitu kizima kilisafirishwa kwa pikapu, kimelazwa chali, kichwa kikitokeza nyuma na kitambaa chekundu kimefungwa ncha. Njiani askari alisimamisha gari akalizunguka.

"Hii ni nini?"

"Ni uhai, afande," alisema Kailemia.

Askari alifikiri kidogo. "Uhai umefungwa kwa kamba mbili tu? Ongeza."

Siku ya shukrani hema lilijaa. Kulikuwa na mukimo, wali na nyama, wazee mbele, akina mama upande wa kushoto, na shangazi Ntinyari, dadake mzee Muthamia, kwenye kiti cha kwanza kabisa, kwa kuwa alikataa kukaa penginepo. Kile kitu kilisimama katikati ya uwanja kimefunikwa pazia la sebuleni la Ruguru. Mcheza kwao hutunzwa, Kailemia alijiambia, akakohoa, akaanza hotuba.

Alisema dakika kumi na tano. Alianza na konokono, akapitia utosini kwa Kajuju, ambaye alijifunika uso kwa mikono, akaenda kwenye kangaga, akapanda mpaka kwenye nyota, mahali ambapo hakuwa na uhakika wa mambo, kwa hiyo akapita haraka. Kisha alivuta pazia.

Watu walisema "aa", na ile "aa" ilikuwa ya kweli. Jua liliyashika majani. Mchungaji alianza kupiga makofi. Mzee Muthamia aliinuka kwenye kiti chake, akaja na mkongojo wake taratibu, akasimama mbele ya chuma. Akaweka ncha ya mkongojo pale mmea ulipotokea chini na kuanza kuufuata kwenda juu, akizunguka nao. Alizunguka mara moja. Akasimama. Akageuka, akazunguka upande wa pili. Kailemia alidhani mzee ameguswa mpaka haoni njia.

"Kailemia."

"Naam, Baba."

"Hii ni ikwa?"

"Ni ikwa, Baba."

"Ya nani?"

"Ni yako, Baba. Ile ya hapo shambani."

"Hapana," alisema mzee. "Yangu haipandi hivi."

Shangazi Ntinyari aliinama mbele, akakaza macho, kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Nyinyi hamwoni? Inazunguka kinyume. Hii ni ile ya msituni. Ile ya kutapisha." Akawageukia akina mama. "Si ndiyo ile tuliambiwa tukiwa wadogo, kabla hujachimba angalia kamba yake kwanza? Ikienda upande huu ni ya nyumbani, ikienda ule achia nguruwe. Na hata nguruwe huinusa mara mbili. Mtoto wa ndugu yangu ametuletea sumu kwa sherehe."

Kicheko kilianza upande wa akina mama, kikavuka kwa wazee, kikafika mpaka kwa vijana waliosimama nyuma ambao hawakujua ikwa wala kamba yake. Mwenda, kwa nia njema, alisimama akasema kwamba huenda ni mtazamo wa kisanii. Hapo hata mchungaji akashindwa, akafunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

Mtu mwenye busara angecheka nao akaketi. Kailemia alitoa simu.

"Nina ushahidi," alisema. "Nilipiga picha hapa hapa, mwezi wa nne. Tazameni wenyewe."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Kweli, katika picha ikwa ilizunguka vilevile kama chuma. Wazee wakaanza kunong'onezana. Mmoja akauliza kama Muthamia amekuwa akiwalisha sumu miaka yote. Kwa dakika moja Kailemia alipumua. Kisha simu ikafika kwa Ruguru. Aliitazama, akaivuta karibu, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Baba Kajuju," alisema kwa upole, "hebu soma shati lako."

"Limeandikwa Kailemia Msanii."

"Hapa limeandikwa IINASM AIMELIAK."

Ulikuwa mwisho wa kesi. Alijipiga picha mwenyewe, Ruguru aliwaeleza waliokuwa hawajaelewa, na simu yake ukijipiga picha mwenyewe inaigeuza kama kioo; kushoto kunakuwa kulia. Maandishi yalikuwa kifuani pake muda wote, makubwa, meupe, yakimpigia kelele. Miezi minne aliitazama picha ile kila asubuhi, na hakuwahi kushuka chini ya kidevu chake.

"Chakula kinapoa," alisema mzee Muthamia. Alirudi kitini.

Alasiri walikuja wageni waliochelewa, jamaa wa marehemu mama yao. Mzee akanyoosha mkono. "Huyu ni Mwenda, mwalimu. Na huyu ni Kailemia." Akatua kidogo, na Kailemia, mjinga wa watu, akatumaini. "Huyu yuko Embu."

Chuma kilihamishiwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Kailemia alitaka kukikatakata siku ileile akipakie kama vyuma chakavu, lakini mzee alipita akasema, "Wacha hapo." Akakiacha. Alifikiri baba yake anataka kukiweka kiwe fundisho.

Alirudi Embu akaingia kwenye malango kwa nguvu zote. Simba walitoka karakanani wawili wawili, na sasa hata ile sura ya mbwa ilizidi. Akiona konokono kwenye sukuma wiki alimtupa kwa jirani. Ile fulana Ruguru aliikuta kwenye kikapu cha taka, akaitoa, akaifanya kitambaa cha kupangusia meza, kwa hiyo kila jioni Kailemia alikunywa chai mbele ya cheo chake kikifuta makombo. Misheck alijaribu kumfariji. "Lakini msee, na picha ilikuwa sawa," alisema, na hakuelewa kwa nini mwenzake aliinuka akaondoka.

"Wewe hukuumwa na kukosea," Ruguru alimwambia jioni moja. "Malango umeyakosea mara ngapi na unalala?"

"Nilitaka aseme," alijibu. "Hata neno moja. Aseme, huyu ni Kailemia, halafu neno. Hata likiwa dogo."

Ruguru hakumcheka. Alikunja kile kitambaa akakiweka upande usioonyesha maandishi.

Krismasi ilipofika hakutaka kwenda Githongo, lakini mtu mzima hawezi kumkimbia baba yake kwa sababu ya mmea. Aliwatanguliza Ruguru na Kajuju kwa njia ya mbele, na yeye mwenyewe akapitia nyuma, kwenye migomba, ili asikutane na shangazi Ntinyari kabla hajanywa hata maji.

Alipotokeza karibu na shamba la ikwa alisikia sauti ndogo anayoijua. Aliinua macho. Juu ya migomba majani ya chuma yalikuwa yakitikisika, na katikati ya yale ya chuma palikuwa na majani mabichi.

Kitu chake kilisimama shambani. Hakikusimikwa kwenye mashina yale matatu ya mbao. Kilikuwa kwenye lile shimo. Mtu alikuwa amelichimba akalimaliza, akasimika chuma, akarudishia mbolea na udongo, na kibao cha MZUNGUKO WA UHAI kilikuwa kimezikwa huko chini pamoja na uhai wake. Ikwa changa ilikuwa imeota pale na kupanda mpaka kileleni.

Chini yake walisimama wazee wawili, baba yake na jirani yao Kathuri, aliyekuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili akijaribu kuitikisa. Haikutikisika.

"Na mchwa?" aliuliza Kathuri.

"Wamekuja wakaondoka," alisema mzee Muthamia. Alimwona mwanawe kati ya migomba. Hakushtuka wala hakumsalimia. Alinyoosha mkono tu, kama afanyavyo siku zote.

"Huyu ni Kailemia," alimwambia Kathuri. "Ni fundi wa nguzo."

Kailemia alisimama palepale. Si msanii, wala si mtu wa uhai na nyota. Miezi minne ya kuzunguka kama ndama, majani sitini na manne yenye mishipa, na amefuzu kuwa mtengeneza nguzo za viazi. Alitaka kucheka, lakini macho yalikuwa yanamwasha, akainama akajifanya anatoa mbigiri kwenye suruali.

Alipoinuka, baba yake alikuwa akimngoja.

"Shika hapa," alisema mzee.

Safari hii alishika kwa mikono yote miwili. Aliufuata mmea kwa vidole kutoka chini, ukimpeleka upande wake wa kweli, na kila alipopiga nusu mzunguko vidole viligonga chuma chake kikija kutoka upande wa pili. Pale vilipokutana, mmea ulikuwa umekaa juu ya chuma kama mtu aliyekanyaga ngazi.

"Nitakutengenezea zingine, Baba," alisema. "Nitakuja nizipime vizuri. Na hizo nitazizungusha upande unaofaa."

"Upande upi huo?"

"Huu wa ikwa yenyewe."

Mzee Muthamia alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya picha, kamba ikiwa kwenye meno.

"Ukizizungusha kama ikwa, ikwa italala kwenye chuma iteleze nacho mpaka chini. Hujaona inavyoshika hapa, na hapa?" Aligonga chuma kwa mkongojo, kikalia mpaka juu. "Nataka kumi na mbili. Na zote uzikosee vivyo hivyo."